Bi Kidawa anaishi kwenye faili moja

Bi Kidawa, mhusika wa katuni yetu, anaishi kwenye faili moja tu. Faili lenyewe linaitwa mhusika_bikidawa.blend, limo ndani ya folda ya maktaba, na humo kuna kila kilicho chake: umbo la mwili, mifupa ya kumchezeshea, kanga, ndara, kikaango cha vitumbua na midomo yote ya kutamkia. Kwenye mafaili ya vipindi vyetu hayumo. Utamwona anatembea, anageuza vitumbua, anamkaripia paka, lakini ukilikagua faili la shoti, yaani kipande kimoja cha kipindi, utakuta kilichohifadhiwa ni mwendo wake na anwani ya anakotoka.

Vijana wanaoanza katuni hapa Tanga huniuliza tunawezaje kutoa vipindi tukiwa watu watatu na kompyuta za kawaida. Wanategemea nitaje mashine au kozi fulani. Jibu langu huwa la kuchosha kidogo: tumejua vitu vyetu vinakaa wapi, na nani anaruhusiwa kuvigusa. Leo naliandika kwa kirefu ili nikiulizwa tena nitume hili.

Katika kundi letu mmoja anajenga mandhari, mmoja anachezesha wahusika, na mimi ndiye fundi mifupa, yaani natengeneza wahusika na kuwatia viungo vya kuvutia. Tunatumia Blender, programu ya kutengenezea katuni za 3D, na wote watatu tuko kwenye toleo la 4.2, lile lililotoka mwaka 2024 na kuahidiwa matunzo ya miaka miwili. Hakuna anayepanda toleo peke yake kwa kunogewa na kitu kipya alichokiona YouTube. Faili lililohifadhiwa na toleo jipya likifunguliwa kwenye la zamani linaweza kupoteza vitu kimyakimya, na katika maktaba ya pamoja hasara ya mmoja inawafikia wote.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye menyu ya File kuna amri mbili zinazokaa jirani, Append na Link. Wanaoanza wengi huzoea Append kwa sababu haina masharti. Unachagua faili la mhusika, unaingia kwenye orodha ya Collection, yaani makundi ya vitu, unamchukua, na nakala yake kamili inahamia kwenye faili lako. Ni wako, mfanye utakavyo. Kipindi cha kwanza kitakwenda vizuri. Ukifika shoti ya thelathini utakuwa na akina Bi Kidawa thelathini wasiojuana, na siku ukitaka kumrekebisha nyusi, kawarekebishe mmoja mmoja.

Kulinki ni kama kuazima sufuria la jirani: unapikia, lakini huwezi kulitoboa. Mhusika anaonekana kwenye shoti yako, ila data zake zimebaki kwenye faili la kwao, na wewe huku huna ruhusa ya kuzibadili. Kila unapolifungua faili la shoti, Blender inakwenda kwenye maktaba na kumsoma upya. Nikimrekebisha nyusi leo jioni, kesho asubuhi mwenzangu akifungua kazi yake anakuta nyusi mpya bila kuambiwa wala kuletewa kitu.

Hapo mtu atauliza, kama habadiliki, nitamchezeshaje? Ni swali la haki, kwa sababu mhusika uliyemlinki anakuja kama sanamu. Unaweza kumsogeza mzima mzima, kumzungusha, kumkuza, basi. Mkono haunyanyuki. Kwa mandhari na vyombo hilo halina shida. Ndoo haina haja ya kunyanyua mkono. Kwa mhusika inabidi uende kwenye menyu ya Object, kisha Library Override, kisha Make. Ukishafanya hivyo mifupa inafunguka, na kila unachokibadili kwenye shoti hiyo, mkao wa kidole au mwelekeo wa macho, kinaandikwa juu ya data za maktaba bila kuzigusa. Umbo na rangi vinaendelea kutoka kwao. Sisi tunaita kuovaraidi, na mchezeshaji wetu keshanyambulisha kitenzi hicho mpaka "nimemuovaraidia paka".

Njia hii iliingia katika toleo la 2.81, mwaka 2019. Kabla yake kulikuwa na mtindo wa zamani uitwao proxy, ambao ulifungua mifupa na kukunyima karibu kila kitu kingine. Mafunzo ya video ya miaka hiyo bado yamejaa mtandaoni, kwa hiyo ukimsikia mwalimu anakuambia "make proxy", funga hiyo video, tafuta nyingine.

Nionye jambo moja kuhusu ovaraidi: usiibebeshe kila kitu. Ukianza kubadili rangi ya gauni kwenye shoti ya nne na ukubwa wa sikio kwenye shoti ya saba, umerudi kulekule kwa nakala thelathini, safari hii zimejificha. Orodha ya vitu kwenye Blender, ile Outliner, ina mwonekano wake maalum wa kuonyesha ovaraidi zote za faili. Mimi hupita humo kabla shoti haijakwenda kurendwa, yaani kutolewa kuwa picha za mwisho. Nikikuta kitu kisicho mwendo, namuuliza aliyekiweka. Mara nyingi kumbe ni kosa la maktaba alilolitibu huku kwenye shoti ili asinisumbue. Bora anisumbue.

Eneo linalowatesa watu kuliko yote ni majina. Blender haimkumbuki Bi Kidawa kwa sura. Inakumbuka kwamba katika faili fulani kuna kolekshini yenye jina fulani. Ukilibadili hilo jina kule maktaba, hata kwa kuongeza nukta, shoti zote zitafunguka na pengo mahali pa mhusika na malalamiko kwamba data haikupatikana.

Mifupa ni hivyohivyo, ila yenyewe haina hata adabu ya kulalamika. Mwendo wa mkono umeandikwa kwa jina la mfupa. Mfupa ukiitwa kiwiko.L, mwendo wote wa shoti zote unaelekezwa kwa kiwiko.L. Ukiubadili jina ndani ya faili la maktaba, Blender itasahihisha miendo iliyomo ndani ya faili hilo, lakini shoti zilizo nje hazina habari. Utafungua kipindi ukute mama wa watu anaongea mkono umeganda ubavuni. Kwa hiyo mhusika akishaanza kazi, majina yake yamefungwa. Kuongeza mfupa mpya, ruksa. Kubadili jina, kufuta, au kuuzungusha mfupa kwenye mkao wake wa asili, hapana, maana nyuzi arobaini za mzunguko zilizoandikwa jana zitakuwa na maana nyingine leo.

Mifupa yetu tumeipa majina ya Kiswahili: bega, kiwiko, paja, goti, kifundo. Kuna walioniambia ni mbwembwe. Kwetu ni wepesi wa kazi, kwa sababu mchezeshaji anapata anachokitafuta bila kuhesabu vizio vya mgongo vilivyoandikwa spine.003. Sharti ni moja: upande uandikwe kwa alama ambayo Blender inaitambua, na sisi tunaishia na .L au .R. Blender hutumia alama hizo kugeuza mkao wa kushoto uwe wa kulia. Ukiandika kiwiko_kushoto, itakutazama tu.

Kilichonifanya niamini mpango huu kuliko zamani ni kanga. Bi Kidawa tulimvisha kanga nyekundu yenye maandishi "Hasidi hana sababu". Ndivyo wanavyovaa akina mama wanaouza vitumbua mtaani kwetu, na mwenzangu aliuchora mji na pindo kwa mikono yake. Mteja alipotazama vipindi vya mwanzo alisifu kila kitu, kisha akasema kwa upole kwamba vipindi ni vya watoto wa chekechea na kanga ile inapiga mtu fumbo. Aliomba tumvalishe yenye maneno ya heri. Hakukosea. Kanga haivaliwi bure, na mama wa mtoto anayetazama angeanza kujiuliza Bi Kidawa anamsema nani.

Mchoro wa kanga ni picha moja ya PNG, iko kwenye folda ya picha ndani ya maktaba. Mwenzangu aliichora upya ikiwa na maneno "Elimu haina mwisho", akaihifadhi kwa jina lilelile, na mimi nikalifungua faili la Bi Kidawa kuhakikisha maandishi hayajapinduka mgongoni. Basi. Shoti zote tulizozifungua baada ya hapo zilikuwa na kanga mpya, pamoja na zile ambazo anaonekana kwa mbali akipita na beseni kichwani. Kurenda upya ndiko kulikokula muda. Hakuna amri ya kukwepa hilo, na umeme ukikatika katikati unafurahi tu kwamba uliagiza itoe fremu mojamoja za picha, si video nzima.

Fikiria kazi ileile ikiwa na nakala. Usingejua hata ni shoti zipi zimebaki na kanga ya zamani.

Njia za mafaili zina vituko vyake, hasa kwa sisi tunaobeba kazi kwenye flashi. Ukilinki faili, Blender inaweza kuliandikia anwani ya namna mbili. Ya kwanza ni kamili, kuanzia herufi ya diski: E, kisha folda, kisha faili. Ya pili ni ya kuhesabia kutoka faili lilipo, na hii huanza na mistari miwili ya mlazo, //. Flashi ikiwa E kwangu, kwa mwenzangu inaweza kuwa G, na hapo anwani kamili imekufa. Anwani ya mlazo haijali herufi, alimradi folda ya maktaba na folda ya vipindi zimekaa ndani ya folda moja kubwa na zinasafiri pamoja. Ndani ya File, kwenye External Data, kuna amri ya kuzigeuza anwani zote kuwa za namna hiyo, na nyingine ya kukuorodheshea mafaili yasiyoonekana.

Mitego ni miwili. Faili jipya ambalo hujalihifadhi hata mara moja halina mahali, kwa hiyo haliwezi kuhesabu kutoka lilipo. Hifadhi kwanza, linki baadaye. Na kwenye Windows, kama maktaba iko D na shoti iko C, hakuna hesabu inayovuka diski. Ukishikwa na huu wa pili usianze kufuta na kulinki upya. Fungua Outliner kwenye mwonekano wa Blender File, tafuta jina la maktaba, bofya kulia, chagua Relocate, ulionyeshe faili lilipo sasa. Kila kitu kinarudi na mwendo wake.

Siku hizi flashi tunaitumia kwa dharura tu. Mafaili yanasafiri kwa Syncthing, programu huria inayolinganisha folda kati ya kompyuta na kompyuta bila kupitia hifadhi ya kampuni yoyote. Tukiwa kwenye Wi-Fi moja inahamisha humohumo ndani na bando haliguswi. Kinachoifanya itufae zaidi ni kwamba kila folda unaweza kuipangia tabia. Folda ya wahusika kwenye kompyuta yangu imewekwa itume tu, kwa wenzangu imewekwa ipokee tu. Mchezeshaji akilifungua faili la Bi Kidawa kule kwake na kulihifadhi, mabadiliko yake hayaji kwangu. Yanaonekana kwake kama tofauti, na kuna kitufe cha kuyarudisha yalivyokuwa. Folda ya mandhari ni kinyume, anatuma yule anayejenga mandhari, sisi tunapokea.

Mwanzoni jambo hili lilileta maneno. Mtu mzima kuambiwa folda hii hutumi ni kama kunyimwa funguo. Tulizungumza, nikamweleza mchezeshaji kwamba faili la .blend haliunganishiki kama maandishi. Wawili wakilibadili kwa wakati mmoja, mmoja lazima apoteze, na Syncthing itakachofanya ni kuacha faili la pili lenye maneno sync-conflict kwenye jina, mkaamue wenyewe nani aliyekuwa na kazi nzuri zaidi. Nadhani kilichomshawishi si maelezo yangu. Ni kwamba siku hizi akiona kasoro ananipigia simu, na kabla hajamaliza kunywa chai imeshamfikia iliyorekebishwa.

Vitu vidogovidogo havihitaji sherehe zote hizi. Madumu, ndoo, minazi, baiskeli (Tanga bila baiskeli si Tanga), meza za chuma, vibao vya duka: vyote viko kwenye mafaili machache ya vifaa, na tunavifikia kwa Asset Browser, dirisha lililoingia katika toleo la 3.0 mwishoni mwa 2021. Unalifungua faili la vifaa, unabofya kulia kwenye kitu, unachagua Mark as Asset, unahifadhi. Kisha kwenye mapendeleo, sehemu ya File Paths, unaisajili folda. Kuanzia hapo kwenye shoti yoyote unaiona picha ya mnazi na kuuburuta mpaka unapoutaka. Mpangilio wa makundi unaokaa upande wa kushoto huandikwa kwenye faili dogo la maandishi, blender_assets.cats.txt, ndani ya folda hiyohiyo. Lisiachwe nyuma wakati wa kunakili, la sivyo vifaa vitabaki vyote lakini vimemwagwa sakafuni.

Angalieni tu mpangilio wa namna ya kuleta. Kila maktaba unaweza kuiambia ilinki au inakili. Minazi ninailinki, kwa sababu mnazi mmoja ukirudiwa mara mia ufukweni unakula kumbukumbu ya mnazi mmoja. Wapita njia wa nyuma ninawanakili kwa makusudi, kwa sababu kila mmoja nataka kumpa shati lake na kitambi chake, na sitawahitaji tena. Si kila kitu kinastahili maktaba.

Anayetaka kuona mpangilio wa watu wenye uzoefu, studio ya Blender kule Amsterdam hutoa hadharani mafaili ya kazi za filamu zake fupi. Pakua hata moja, usitazame uzuri wa picha, tazama folda. Mimi nilijifunza hapo kutenganisha vinavyotumika kila mahali na vinavyotumika kwenye shoti moja.

Kwa ndugu zangu mnaotumia Adobe Animate, ninyi mna dawa yenu. Mkiburuta simboli, yaani mchoro uliohifadhiwa utumike tena na tena, kutoka Library ya faili moja kwenda nyingine mnapata nakala, na ikikutana na jina linalofanana mtaulizwa mbadilishe iliyopo au muiache. Kuburuta si kuunganisha. Ili iunganike, fungua sifa za simboli, panua sehemu ya Advanced, na kwenye Authoring uchague faili la FLA (faili la kazi la Animate) inakotoka pamoja na simboli yenyewe, kisha uweke tiki ya kuisasisha kila wakati. Kulikuwa pia na ile njia ya simboli kukaa kwenye SWF moja (faili la kuchezwa) na kuvutwa na nyingine zikiwa zinachezwa. Hiyo iliishi kwa Flash Player, na Flash Player ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020. Kwa video ya YouTube au ya televisheni haiwahusu.

Limebaki la mwisho, ambalo watu hulikumbuka mteja akirudi baada ya mwaka. Kiungo hai ni kizuri kipindi kikiwa jikoni. Kikishakubaliwa na kulipwa, hutaki kibadilike tena. Bi Kidawa wa msimu ujao atakuwa na miwani, na mteja akiomba sekunde kumi za kipindi cha zamani kwa tangazo, asije akatokea na miwani ambayo siku ile hakuwa nayo. Kwa hiyo kila kipindi kikipokelewa, mchezeshaji hufungua shoti zake, huingia External Data, na kuagiza Pack Linked Libraries kisha Pack Resources. Maktaba na picha za shoti lenyewe zinamezwa ndani ya faili la shoti, ila picha za maktaba, kama ile ya kanga, hazimezwi hivyo. Linanenepa sana, na linaacha kutegemea mafaili ya maktaba. Hayo manene yanakwenda kwenye diski ya nje yenye lebo ya jina la kipindi, pamoja na nakala ya folda ya picha na kisakinishi cha Blender 4.2 chenyewe, kwa sababu baada ya miaka mitano sijui nitakuwa na toleo gani kwenye meza. Mafaili membamba yenye viungo yanabaki kwenye folda ya kazi mpaka msimu uishe, kisha yanafutwa.

Miwani nimeshaianza. Mfupa wake unaitwa miwani, uko chini ya mfupa wa kichwa, na hakuna jina hata moja la zamani nililoligusa.